CD Zilizoamia Mpunga

Katibu wa kwaya moja ya parokia huko Galula alikabidhiwa sanduku la CD ishirini: misa, nyimbo za Pasaka, na solo za mama mmoja ambaye sasa ni marehemu. Akihofia vumbi na joto la bonde la Rukwa, akachukua flashi yake ya GB 2 na kupanda gari hadi Mbalizi, kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo. Kijana wa pale alimhakikishia kuwa zote zitaenea. Zikaenea kweli, maana aliziminya kuwa MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde.

Hesabu yake ni hii. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa stereo, na kila kipimo ni biti 16. CD ya saa moja hula kama MB 600. MP3 ya namna ile huishusha hadi chini ya MB 60 kwa kutupa kile ambacho sikio halikikamati kwa urahisi, na hapo huweza kupotea ukali wa kayamba au mwangwi wa kanisa. FLAC, aina ya faili iliyotoka mwaka 2001, hufungasha bila kutupa hata biti moja. Katibu angenunua flashi ya GB 16, CD zote zingeingia hata bila kuminywa!

Msimu wa kuamia ndege ulipofika, watoto walizifunga CD kamba wakazitundika kwenye majaruba ya mpunga, zikimetameta kuwatisha kwelea. Ndege huogopa kweli, angalau kwa muda. Lakini CD iliyochomwa kwenye kompyuta huhifadhi sauti katika rangi nyembamba ambayo jua huiharibu. Ile ya kiwandani nayo ina tabaka la alumini chini tu ya maandishi. Upande huo ukichunika, hakuna wa kuurudisha.

Kwaya ikatimiza miaka 25, na studio moja ya Mbeya ikaombwa itengeneze mkusanyiko. Fundi alifungua faili za MP3: juu ya masafa ya hertz 16,000 palikuwa patupu. Katibu akaomba zigeuzwe ziwe FLAC. Zikageuzwa, zikawa kubwa, sauti ikabaki ileile.

Kilichoniuma zaidi ni solo mbili za yule mama, zilizokatika katikati ya beti. Mashine ikishindwa kusoma penye mkwaruzo, hubahatisha au hunyamaza, na programu nyingi hazisemi kitu. Programu kama Exact Audio Copy hurudia kusoma, kisha hutoa ripoti ya kila wimbo. Pale kibandani hakuna aliyedai ripoti, wala hakuna aliyesikiliza faili kabla CD hazijapelekwa shambani.

Kinyume chake, Radio Tanzania Dar es Salaam ilitunza kanda zake za muziki wa dansi, za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe zikiwemo, hata baada ya nyimbo hizo kuzagaa kwenye kaseti. Ndiyo maana miongo mingi baadaye palikuwa na kitu cha kuhamishia kwenye kompyuta.

Huko Galula, wanakwaya wa zamani walipekua makabati yao. Zikapatikana CD tatu, na mbili zikasomeka bila kosa. Faili zake za FLAC ziko kwenye diski mbili, moja parokiani na nyingine kwa katibu. CD zenyewe zimewekwa sandukuni. Solo za yule mama hazimo.