Talanta na Soko Lililofungwa

Katika mfano wa talanta, mtumwa wa tatu analaumiwa kwa kuifukia chini fedha ya bwana wake. Kila msimu wa mahafali mfano huo huhubiriwa kanisani kwetu hapa Morogoro, nasi wahitimu wa bioteknolojia wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) tunabaki na swali letu: bwana akikukabidhi talanta, kisha akafunga soko, lawama ni ya nani?

Simlinganishi Mungu na serikali. Nazungumzia amana. Serikali ilinisomesha kwa mkopo, na nikipata mshahara itakata asilimia 15 kila mwezi mpaka deni liishe. Ni haki, nilisaini mwenyewe. Lakini anayekabidhi amana naye ana wajibu wake, na huo sijausikia ukihubiriwa.

Baada ya chuo nilijitolea kwenye maabara moja ya umma, kwa nauli tu. Kazi ilikuwa ya mihogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu na H. H. Storey pale Amani, Muheza, mwaka 1936, na hadi leo unaozesha mihogo ardhini huku shamba likionekana zima. Mara nyingi mkulima anagundua siku ya kuvuna. Dawa hauna. Kinachomsaidia ni mbegu safi. Basi unakaa mbele ya kabati la hewa safi, unachovya kisu kwenye spiriti, unakipitisha motoni, na chini ya darubini unakata ncha ya chipukizi, kipande kisichofika milimita moja, kwa kuwa virusi vya ugonjwa huo mara nyingi huwa havijafika pale. Unakipanda kwenye chupa yenye agari na sukari. Ukikata kikubwa mno, umeupanda na ugonjwa wenyewe. Ustadi huo ni wa mkono, na mkono usiofanya kazi husahau. Wanaopanga ajira wanatuhesabu kama watu wanaosubiri tu, kumbe tunapoteza tulichofundishwa.

Nafasi ya afisa utafiti ilipotangazwa serikalini, shahada yangu haikuwa kwenye orodha ya fani zilizotakiwa. Maombi yalikataliwa kabla mtu hajasoma barua. Fani inafundishwa katika chuo cha umma, na mwajiri wa umma haitambui!

Wazee wanatuhimiza tujiajiri, na wanatutakia mema. Mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 inayotengewa vijana, unafaa bodaboda na kuku. Unafaa hata mbegu za uyoga, ambazo mwenzangu anazalisha kwa presha kuka ya jikoni. Kabati la hewa safi haulifikii.

Soko letu lilifungwa upande mwingine pia: Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ilisimamisha majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba pale Makutupora, Dodoma. Wenzangu wengi walikasirika. Mimi naamini nchi ina haki ya kukataa mbegu isiyoiamini, na uamuzi huo si wa wataalamu peke yao. Ila serikali ya Kenya ilitangaza kuondoa marufuku yake dhidi ya mazao ya aina hiyo Oktoba 2022, na mahindi hayatembei na cheti usoni. Anayetaka kujua kilichomo kwenye gunia linalovuka mpaka wa Namanga anahitaji mtu wa kupima vinasaba. Hata anayesema hapana anatuhitaji.

Sidai kiti cha ofisini. Riziki naiomba kwa Mungu, na jasho nitalitoa mwenyewe. Ninachoidai serikali ni fani yetu iandikwe katika miundo ya utumishi, na maabara za umma zifunguliwe kwa vijana kwa kodi wanayoimudu. Pale nilipojitolea, kabati lilikuwa likizimwa saa tisa na nusu alasiri, na mlango ukifungwa hadi asubuhi. Vijana wawili wangekodi saa zile za jioni, wangetoa miche safi ya kuwauzia wazalishaji wa pingili za mihogo, na deni la mkopo wangelilipa kwa kazi ileile waliyosomeshewa.