Uwakili na Orodha ya Ndege

Kujitolea kufuatilia wanyamapori hakuna mshahara, wala hakumwongezei mkulima gunia la mpunga. Ndiyo maana huzua swali la kimaadili: je, binadamu ana wajibu kwa kiumbe asiyemfaa kitu?

Karibu na Kagio, Kaunti ya Kirinyaga, swali hili lina uzito wake. Kwenye tambarare za Mwea, kwelea kwelea hushambulia mpunga unapokomaa, na wakulima hulipa watu wa kuwafukuza. Katika mabonde ya Kianyaga, palipo na kahawa na chai, anaishi Turdoides hindei, ndege wa kahawia mwenye madoa meupe, asiyepatikana nchi nyingine ila Kenya. Hukaa kwa vikundi vichakani, kando ya mito. Pale vichaka vya asili vilipofyekwa, mara nyingi hujificha kwenye lantana, gugu la kigeni lenye sumu kwa mifugo. Kwa hiyo mkulima anayesafisha shamba lake huenda akambomolea ndege huyo makao.

Mradi wa kuorodhesha ndege uitwao Kenya Bird Map, ulioanza mwaka 2013, umeigawa nchi katika miraba yenye upande wa kilomita 9 hivi. Anayejitolea hutembea katika mraba mmoja kwa saa 2 au zaidi, akiandika kila spishi kwa mfuatano wa kuonekana au kusikika. Kwelea hupewa mstari mmoja, ndege adimu naye mstari mmoja. Asiyeonekana wala kusikika haandikwi, hata akitamaniwa vipi.

Dini zina la kusema hapa. Kitabu cha Mwanzo humpa binadamu mamlaka juu ya viumbe, kisha humweka bustanini ailime na kuitunza. Kitabu cha Ayubu humwonyesha Mungu akinyeshea mvua nyika isiyo na mtu. Kurani, katika Surat al-An'am, huwataja ndege kuwa ni umma kama wanadamu. Kwa Wakikuyu wa jadi, Mlima Kenya ni makao ya Ngai, na mti mtakatifu wa mugumo haukatwi. Kwa mtazamo huu, dunia ni amana, na wakili hawezi kutoa hesabu ya amana asiyoijua.

Pingamizi ni kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kuorodhesha ndege. Lakini uwakili haumkatazi mkulima kulinda mpunga wake. Humtaka ajue anamdhuru nani. Fenthioni, sumu inayopuliziwa kwelea, huua pia ndege wasiogusa mpunga, na hasara hiyo haionekani pasipokuwa na kumbukumbu ya waliokuwapo awali.

Hata hivyo, orodha huzaa deni jipya. Ikishajulikana kwamba ndege adimu yumo kichakani, mzigo wa kumhifadhi humwangukia mwenye shamba, si aliyemwandika. Haki hudai mwenye shamba ashauriwe kwanza, na gharama ya kichaka kisichofyekwa ibebwe na wote wanaotaka ndege huyo aendelee kuwapo.