Usiuze Ua



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, mwenye kuotesha mbegu na kuipasua kokwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu.

Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zetu mlio nyuma ya pazia: mikorosho imeanza kutoa maua. Ukipita njia ya shamba alfajiri unaisikia harufu yake. Na mwezi huu huu, maua hayajawa hata korosho changa, tayari kuna watu wanapita jioni kwa pikipiki, wanabisha hodi, na mfukoni wana pesa taslimu za kununua mavuno yakiwa bado maua. Sina haja ya kuwataja. Mnawajua, na wapo kati yetu waliokwisha kuwapa mkono.

Biashara hiyo tunaiita kangomba. Jina limetokana na kipimo, chombo kisicho mizani, ambacho kilo ikiingia bado kinadai. Serikali imeipiga marufuku, na kila msimu tunasikia fulani kakamatwa. Mimi leo nasimama na sheria nyingine. Sura ya Al-Mutaffifin inafunguka kwa kuwatangazia maangamizo wanaopunja vipimo, wale ambao wakijipimia wao hutaka kijae, na wakiwapimia wengine hupunguza. Hilo moja. La pili ni hilo ua lenyewe. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuuza matunda ya mti kabla hayajaonyesha dalili ya kukomaa, na katika hadithi ya Anas, waliyoipokea Bukhari na Muslim, akauliza: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda hayo, kwa haki gani mmoja wenu atachukua mali ya ndugu yake? Nani hapa hajaona ubwiriunga ukishuka usiku na asubuhi ua limekuwa jeupe kama limemwagiwa unga? Nani hajaona mvua isiyo na wakati wake ikaangusha kila kitu? Aliyeuza magunia matano ya ua akavuna matatu anaanza mwaka mpya akiwa mtumwa wa magunia mawili.

Najua mtu ataniambia, "Ustadhi, si kuna biashara ya salam?" Ipo. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja na miwili kabla, akaruhusu, kwa sharti kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Lakini salam ni ahadi ya bidhaa iliyoelezwa sifa zake, haifungwi kwenye mkorosho ule pale mpakani mwa shamba, na bei yake hulipwa yote palepale mnapokubaliana. Kangomba haina mizani ya kuaminika, na mara nyingi ni mkopo wa shida uliovikwa nguo ya biashara: anakupa kidogo leo, anachukua kingi kesho.

Hata hivyo sikuja hapa kumsema mchuuzi. Kwanza hayupo msikitini. Pili, huyo akikamatwa kesho, keshokutwa atakuja mwingine na pikipiki mpya, kwa sababu mlango anaoingilia tumeuacha wazi sisi. Mlango huo ni njaa ya mwezi wa sita. Pesa ya Novemba haikufika Juni. Salfa inatakiwa, palizi inatakiwa, mtoto anarudi shule, na ndani hakuna kitu. Mtu asiye na akiba hauzi kwa bei anayoitaka. Anauza kwa bei ya shida yake.

Nilichezwa jando kwa pesa ya ua. Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyebeba shughuli ile kama mila yetu inavyotaka. Palipikwa pilau, palilia ngoma siku mbili, mimi nikavalishwa nguo mpya na kupitishwa mitaani nikijiona mfalme. Nilipokuwa mtu mzima ndipo mama aliponieleza kuwa kaka yake aliuza maua ya mikorosho yake bora, na alilipa deni lile kwa misimu mitatu. Misimu mitatu kwa siku mbili za ngoma! Simlaumu. Hakuna aliyewahi kumwambia msikitini kwamba pilau ile isingeongeza chochote katika tohara yangu. Walimu tulikuwepo, tukala, tukaomba dua, tukaondoka na bahasha.

Basi, ili tujifunze akiba, turudi kwenye Sura Yusuf, aya ya 47 hadi ya 49. Tumeisoma mara nyingi kama kisa cha ndoto, tukapita haraka juu ya agizo. Yusuf (a.s.) yupo gerezani, anaulizwa maana ya ng'ombe saba wanono wanaoliwa na saba waliokonda. Hakutoa tafsiri tupu, alitoa mpango wa miaka kumi na mitano. Mtalima miaka saba mfululizo, akasema, na mtakachovuna kiacheni katika mashuke yake, isipokuwa kidogo mtakachokula.

Tazameni kilichotolewa pembeni ni kipi. Kilichotolewa pembeni ni chakula. Mavuno yote ni ya kuhifadhi, kula ndiko kuna kipimo. Sisi tumeigeuza aya: tunakula yote, na "isipokuwa kidogo" tunaiachia akiba, nayo ile kidogo haijawahi kubaki. Pesa ikiingia simuni saa nne asubuhi, kufika Magharibi imeshajigawa yenyewe. Ndugu yangu, kinachowekwa kiwekwe saa nne hiyo hiyo, kabla hujamnunulia mtu soda.

Na kwa nini mashuke? Kwa sababu punje iliyo ndani ya ganda lake wadudu huiingia kwa tabu. Bibi zetu walilijua hili bila kwenda Misri. Mahindi ya mbegu yalining'inizwa darini na maganda yake, juu ya moshi wa jiko, na hakuna mtoto aliyethubutu kuyagusa. Mahindi yaliyopukuchuliwa yako kwenye ungo, kila apitaye anachota. Pesa ya mfukoni ni punje iliyopukuchuliwa. Kila jirani anaiona, kila mchango wa harusi unaijua njia yake. Irudishe katika shuke: inunulie mabati hata kama kuta bado hazijasimama, inunulie mbuzi jike, miche bora ya mikorosho, au iweke mahali ambapo kuitoa kunahitaji nauli na nusu siku.

Kisha Yusuf akasema, itakuja miaka saba migumu itakayokula mlichoweka, isipokuwa kidogo mtakachokihifadhi. Wafasiri wengi wamesema hicho kidogo ni mbegu. Yaani hata katikati ya njaa, watu wanakonda, kuna gunia moja haliliwi. Mwaka wa kumi na tano mvua ilipokuja, aliyekuwa na mbegu ndiye aliyelima, na asiye nayo aliitazama mvua tu.

Sisi hatuna Yusuf wa kutufasiria ndoto, lakini mifano tumeiona kwa macho. Msimu wa 2017/18 bei mnadani ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mnakumbuka? Ulitembea mzaha kwamba huku kusini mbuzi wananyweshwa soda. Msimu uliofuata wanunuzi wakaja na bei ya chini, wakulima wakagoma, na Novemba 2018 Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300, jeshi likaja kusomba. Wengi walikaa miezi wakisubiri malipo. Misri walipewa miaka saba ya kujiandaa. Sisi tulipewa mmoja, na mbuzi tukamnywesha soda.

Wapo wanaodhani kuweka akiba ni upungufu wa tawakkul. Anayelisha ndege hatanisahau, husema. Kweli, Mtume alitupigia mfano wa ndege, lakini ndege wa hadithi hiyo huondoka asubuhi tumbo tupu na kurudi jioni ameshiba. Hakubaki kiotani. Na katika Bukhari, Sayyidna Umar anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza tende za mashamba ya Banu Nadhir na kuwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima. Mwaka mzima! Hayo ni mashamba ya msimu kama yetu: mavuno mara moja, matumbo siku zote. Mkulima ni mfanyakazi anayelipwa mshahara wa miezi kumi na miwili kwa siku moja. Tuseme kilo zako 1,000 zimekupa milioni mbili safi baada ya makato ya chama cha msingi na gharama zote. Hujapata milioni mbili. Umepata shilingi 166,000 na kidogo, mara kumi na mbili. Ukiihesabu hivyo, ile pikipiki ya mkopo inaanza kuonekana sura yake halisi.

Lakini akiba ile ya Mtume haikuwa ya kufungia. Alifariki deraa yake ikiwa rehani kwa shayiri, kwa sababu wageni na wahitaji walikuwa wanakula humo humo. Na At-Tawba aya ya 34 inawatisha wanaorundika dhahabu na fedha bila kuzitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu. Mpaka kati ya akiba na kurundika ni zaka. Katika madhehebu yetu ya Shafii korosho si chakula kikuu cha kuhifadhiwa, hivyo haina zaka ya mazao kama mpunga au mahindi. Wengi wanaishia hapo wakafurahi. Subiri. Fedha uliyoiuzia, ikifika nisabu na ikazungukiwa na mwaka wa Kiislamu mikononi mwako, inadai shilingi 25 katika kila 1,000. Nisabu ya dhahabu ni kama gramu 85, ya fedha kama gramu 595. Na pesa inayolala bila kuzalisha, zaka huimega kila mwaka. Imepokewa kwa Sayyidna Umar kwamba aliagiza mali za mayatima zifanyiwe biashara ili zaka isizile. Kama mali ya yatima inatakiwa itembee, yako wewe mwenye mikono na miguu inalala chini ya godoro kwa nini?

Itembee wapi? Hapa tuwe waangalifu, maana maneno ya kulima huibiwa. Mwaka 2009 Serikali iliifunga DECI, iliyokuwa ikiwaita watu wapande pesa kama mbegu na kuja kuvuna. Hakukuwa na udongo wala jua pale. Mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu ya wa pili, na wa mwisho alipofika shamba halikuwepo. Leo DECI nyingine zinakuja kwa njia ya simu, zikiwa na picha za magari. Muulize anayekuita: pesa yangu itanunua nini, itauzwa kwa nani, na ikipatikana hasara nani anaibeba? Akikuahidi faida ya uhakika isiyo na hasara, hapo una riba au wizi, na mara nyingi vyote viwili.

Kwa upatu wa akina mama sina neno baya. Mwanachuoni wa Kishafii Al-Qalyubi alinukuu tangu zamani kwamba mchezo wa wanawake kukusanya kiasi maalumu na kumpa mmoja baada ya mwingine unajuzu. Kikoba ndicho kinachohitaji marekebisho: mkopo ukirudi na nyongeza, nyongeza ile ni riba hata kama mnagawana wenyewe kwa wenyewe mwisho wa mwaka. Kikundi kinunue pampu za kupulizia salfa kwa pamoja, kimuuzie mwanachama kwa bei ya kulipa taratibu inayojulikana tangu mwanzo. Au mchange mtaji, mgawane faida na hasara. Benki zinazofuata sharia zipo nchini, Amana Bank tangu 2011, na baadhi ya benki nyingine zina madirisha ya aina hiyo.

Wenzetu wa Malaysia walikuwa na shida kama yetu. Watu wa vijijini waliuza mashamba na mifugo wapate nauli ya Hija, wakirudi ni mahaji wasio na kitu. Mwanauchumi Ungku Aziz mwaka 1959 akapendekeza wakusanye akiba kidogo kidogo, iwekezwe kwa halali. Mfuko ukaanza mwaka 1963, na ndio Tabung Haji ya leo. Shamba likabaki, na Hija ikatimia.

Shamba libaki. Ibn Majah amepokea hadithi kwamba anayeuza nyumba au ardhi na thamani yake asiiweke katika kitu mfano wake, hatabarikiwa katika pesa hiyo. Na Sa'd bin Abi Waqqas alipougua akataka kutoa mali yake nyingi sadaka, Mtume alimzuia isivuke theluthi, na theluthi nayo akaiita nyingi, akamweleza kuwa kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakinyoosha mikono kwa watu. Huyo alikuwa anataka kuwapunguzia warithi kwa ajili ya sadaka, akazuiwa. Sisi tunawapunguzia kwa ajili ya ngoma.

Kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa, kaa na mama watoto usiku mmoja, na daftari. Andikeni chakula cha mwaka, ada, salfa, palizi, zaka, na mbegu isiyoguswa. Usimfiche kiasi utakachopata, maana yeye ndiye bibi wa dari.

Na waliokwisha kuuza ua msimu huu, nawaomba msiondoke kwa aibu. Baada ya Alasiri nitakuwa pale barazani na wazee wawili wa kamati. Njooni na hesabu zenu, tuone nani anaweza kumrudishia mwenye pesa pesa yake sasa hivi, kabla ua halijafunga tunda. Aliye na akiba ya kumkopesha ndugu yake bila nyongeza naye aje, tutaandika na kuweka mashahidi kama Al-Baqara aya ya 282 ilivyoagiza.