Sarafu Iliyopigiliwa Mlingotini

Mitihani ya fasihi imetuzoesha vibaya. Mwanafunzi akiulizwa kuhusu taashira, anatafuta jozi: taa ya kijani ni matumaini, nyangumi mweupe ni uovu, alama mbili, twende mbele. Kana kwamba mwandishi alikuwa na maana yake tayari, akaifungia ndani ya kitu ili atusumbue tu. Kama ndivyo, si angeisema waziwazi?

Herman Melville alilijibu swali hili katika Moby-Dick, riwaya yake ya mwaka 1851. Nahodha Ahab, aliyekatwa mguu na nyangumi, anapigilia mlingotini sarafu ya dhahabu ya Ekuador, zawadi ya atakayemwona nyangumi huyo kwanza. Sarafu ina milima mitatu: mmoja unatoka moto, mwingine una mnara, wa tatu una jogoo anayewika. Katika sura ya 99 mabaharia wanapita mbele yake mmoja mmoja. Ahab anajiona mwenyewe katika kila mlima. Starbuck, mcha Mungu, anauona Utatu Mtakatifu. Stubb anakimbilia kitabu cha nyota. Flask anaona dola 16, yaani sigara 960 za senti mbili mbili. (Ukipiga hesabu vizuri utapata 800, hata bei haisomwi sawasawa na kila mtu.) Mwishowe anakuja Pip, kijana mweusi aliyerukwa na akili baada ya kuachwa peke yake baharini, naye ananyambua tu kitenzi cha kutazama: mimi, wewe, yeye, sisi.

Wengi huishia kwa Pip: maana iko machoni pa mtazamaji. Mimi siridhiki. Sarafu ile ni ujira kabla ya kuwa ishara, na ujira una mwenye kuugawa. Siku nyangumi anapoonekana, baharia Tashtego anasema alimwona karibu wakati mmoja na nahodha. Ahab anakataa katakata: dhahabu ni yake. Kila mtu alikuwa huru kuisoma sarafu, lakini nyundo ilibaki mkononi mwa mmoja.

Macho ya tangazo la daktari wa miwani katika The Great Gatsby (1925) yana kisa kinachofanana. Wilson, aliyefiwa na mkewe, anayaona kuwa ya Mungu; jirani anamwambia lile ni tangazo tu. Wote wawili wamesema kweli.

Melville alimtunukia Moby-Dick rafiki yake Nathaniel Hawthorne, aliyekuwa ametoa The Scarlet Letter mwaka mmoja kabla. Humo wakuu wa Boston wanamlazimisha Hester Prynne kuvaa kifuani herufi A, alama ya zinaa. Mwenyewe anaitarizi kwa uzi wa dhahabu. Kisha, miaka nenda miaka rudi, anauguza wagonjwa na kuwasaidia maskini, hata baadhi ya watu wa mji wanaanza kusema herufi ile ni ya “able”, yaani uwezo wake. Hakuna aliyetoa amri ya kuibadilisha maana, na wakuu hawakuweza kuizuia.

Kwa hiyo Hawthorne aliona mbali kuliko rafiki yake. Melville alionyesha kwamba ishara husomwa kwa macho ya kila mtu. Hawthorne alionyesha kwamba aliyebebeshwa ishara naye anaweza kuiandika upya, kwa matendo yake.