Mfungwa wa Dominika ya Furaha

Katika kalenda ya Kanisa Katoliki, Dominika ya tatu ya Majilio huitwa Dominika ya Furaha. Zambarau hupumzishwa, padre huruhusiwa kuvaa rangi ya waridi, na antifona ya mwanzo huwataka waamini wafurahi. Ajabu ni kwamba katika Mwaka A wa masomo, Injili ya siku hiyohiyo inatoka gerezani. Yohane Mbatizaji, aliyefungwa na Herode, anawatuma wanafunzi wake wamuulize Yesu kama yeye ndiye ajaye au wamngojee mwingine. Huyu ndiye aliyepaza sauti jangwani kwamba Masiha yu karibu. Sasa ameingiwa na shaka. Waliopanga masomo wangeweza kutafuta habari changamfu zaidi kwa siku ya waridi. Kwa maoni yangu walichagua vema, maana hapa ibada inatenganisha vitu viwili ambavyo waamini wengi huvichanganya: kumtumaini Mungu, na kutarajia kwamba mambo yatakwenda tupendavyo.

Tazama jibu analopewa Yohane katika Mathayo 11. Yesu anataja vipofu wanaoona, viwete wanaotembea, wenye ukoma wanaotakaswa, viziwi wanaosikia, wafu wanaofufuliwa na maskini wanaohubiriwa habari njema. Orodha hiyo imejaa mwangwi wa Isaya, na kila aliyemsoma Isaya sura ya 61 anajua kuna jambo limeachwa: kufunguliwa kwa wafungwa. Kule Nazareti, kadiri ya Luka, Yesu aliisoma ahadi hiyo mbele ya watu. Kwa mfungwa mwenyewe haitaji. Na kweli Yohane hakufunguliwa. Alikatwa kichwa kwa sababu ya karamu ya siku ya kuzaliwa ya Herode. Kama matumaini yangekuwa jina jingine la matarajio, basi Yohane alitumaini bure, na Kanisa lingefanya busara kutomtaja katika majuma haya. Badala yake limemweka katikati ya Majilio, tena siku ya furaha. Hilo linalingana na mpangilio wa kipindi chote. Kanuni za mwaka wa liturujia zilizotolewa mwaka 1969 zinayapa Majilio sura mbili, maandalizi ya Noeli na kungojea ujio wa pili wa Kristo, na hadi tarehe 16 Desemba mkazo uko kwenye huo ujio wa pili. Ndiyo maana Injili ya Dominika ya kwanza inazungumzia kukesha na mwisho wa nyakati. Pango la Bethlehemu bado liko mbali.

Karl Marx aliandika mwaka 1844 kwamba dini ni afyuni ya watu, na hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwani wahubiri waliomwambia mnyonge avumilie tu hadi mbinguni wamekuwapo na wangalipo. Lakini somo la pili la siku hiyohiyo, kutoka Waraka wa Yakobo, linamtaja mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho, na mkulima anayengoja mvua ni yule aliyekwisha kushika jembe. Aya zilizotangulia kidogo (bahati mbaya hazisomwi siku hiyo) zinawakemea matajiri waliozuia ujira wa vibarua. Hata historia inapingana na Marx hapa. Desemba 1944, katika gereza la Tegel mjini Berlin, Mjesuiti Alfred Delp aliandika tafakari za Majilio mikono ikiwa katika pingu. Alikuwa mmoja wa kundi lililopanga Ujerumani itakayokuwa baada ya Hitler. Alinyongwa tarehe 2 Februari 1945. Utawala ule haukuwa na sababu ya kumwogopa mtu aliyelewa afyuni.

Wengine watasema Masiha amekwisha kuja, basi kungojea huku ni maigizo. Au kwamba miaka elfu mbili ya kukawia inatosha kuwa jibu. Waraka wa pili wa Petro unaonyesha kwamba dhihaka hiyo ni ya kale. Kanisa halikuificha, kwa kuwa swali la Yohane ni swali hilohilo, nalo husomwa altareni kama Neno la Mungu. Na maadamu bado wapo waliofungwa kwa kusema kweli, alichokianza Kristo hakijakamilika, na anayengoja haigizi.

Shida yetu iko kwingine. Ifikapo wiki ya kwanza ya Desemba, parokia nyingi za Tanzania na Kenya zimeshaanza Noeli: mapambo yamening'inia, kwaya zinaimba kuzaliwa, na wasafiri wanawania tiketi za kwenda nyumbani kwa sikukuu. Safari haina ubaya, lakini tukingoja tarehe tunayoijua tu, hatujajifunza kungoja kama Yohane. Wanakwaya, zihifadhini nyimbo za Noeli hadi mkesha wa tarehe 24. Wahubiri, msiharakishe kumtoa Yohane gerezani, maana Injili haikumtoa. Na katika maombi ya waamini, watajwe mahabusu ambao kesi zao hazijasikilizwa.