WAZO LA LEO: Anayeshika Mkono Naye Huchoka

Pale Buzuruga, jijini Mwanza, mama anapanda daladala na mwanawe asiyeona vizuri. Konda anahimiza, "Twende, twende!" Mama anauweka mguu wa mtoto kwenye ngazi, anakipeleka kiganja chake kwenye bomba la kushikia, kisha anavumilia macho ya abiria. Kwenda kliniki ya macho ya Hospitali ya Bugando ni nauli, foleni na kibarua cha siku kilichopotea. Lakini linalomchosha zaidi ni midomo ya watu: "Kwani ulikosea nini?" Wengine hutaja uchawi, wengine ukoo wa mume.

Mtoto wa jicho, kwa mfano, ni ugonjwa, si uchawi wala kosa la mama. Mtoto anaweza kuzaliwa nao, na akiwahishwa kwenye upasuaji anaweza kuona. Lawama humfanya mama amfiche mwanawe, na kuficha huchelewesha tiba.

Tunamsifu mama kwa uvumilivu, kana kwamba sifa hulipa nauli. Zaidi ya tiba, elimu nayo ni haki ya mtoto huyo; Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema hivyo. Hilo tuidai serikali. Lako, jirani, ni dogo: wiki hii kaa na mtoto saa mbili, mama yake apumzike. Na usimuulize alikosea nini.