Waya Uliokatika Ndani

Hedifoni ya simu inapoanza kusikika sikio moja tu, wengi wetu hatuitengenezi wala hatuitupi. Tunaukunja waya karibu na pini, tunaupapasa mpaka sauti irudi, kisha tunaushikilia hapo hapo. Tukisogea kidogo, upande mmoja unanyamaza tena. Hivyo tunaweza kwenda wiki nyingi tukijiambia kwamba bado inafanya kazi.

Ndugu wapendwa, je, kuishi na mkato kwa kuushikilia namna hiyo ndio uvumilivu tunaofundishwa na imani yetu?

Anayeamua kutengeneza waya huo nyumbani hujifunza jambo mapema: ganda la nje mara nyingi ni zima. Mkato uko ndani, hasa pale waya unapokunjwa kila siku. Hana budi kulichana ganda hilo zima. Ndani hukuta nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, zenye rangi mbalimbali. Rangi hiyo kwa kawaida ni vanishi inayozuia umeme kupita kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Asiyelijua hilo husokota ncha mbili pamoja, akazifunga tepu vizuri, na sauti haiji. Zimegusana, lakini hazijaungana. Lazima vanishi iondolewe kwa moto au kwa msasa, tena kwenye ncha zote mbili, ndipo risasi ya kulehemu ishike.

Kanisani tunayafahamu maungo ya tepu. Wawili waliokosana huitwa na wazee, huambiwa yaishe, hupeana mikono, na Jumapili tunawaona kwenye benchi moja. Sisi wengine tunajua namna ya kuwashikilia: hatuwapangi zamu moja, na habari ya shamba la urithi haitajwi mbele yao. Tunaiita amani. Lakini kila mmoja bado amevaa vanishi yake: "Si mimi niliyeanza."

Katika Mathayo sura ya 5, Bwana anamwagiza mtu akumbukaye kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, akapatane naye kwanza. Hata ibada inasubiri! Basi uvumilivu ni kumchukulia ndugu udhaifu wake huku tukimtafuta. Kushikilia mkato ni kulinda utulivu wetu wenyewe, na gharama yake hulipwa na yule aliyenyamaza.

Mtu anaweza kusema kwamba hedifoni mpya huuzwa kwa bei ndogo kuliko vifaa vya kulehemu. Ni kweli, na kununua mpya si dhambi. Lakini ndugu hana duka. Wala hatusemi kwamba kila mkato utaungika kwa juhudi zetu. Upande wa pili ukikataa kusuguliwa, sisi tunaweza kuandaa ncha yetu tu na kungoja.

Tena tusitarajie kurudi kama mwanzo. Waya uliotengenezwa huwa mfupi kidogo, kwa kuwa kipande kibovu kimekatwa, na pale pa kiungo pana uvimbe unaoonekana. Wapatanishi nao watabaki na mambo wasiyoweza kuyarudia. Hilo lisituvunje moyo. Tujiulize tu: masikio yote mawili yanasikia?